Kinyago Kilichopelekwa Kwenye Baridi

Niliondoka Temeke kwa sababu sikusema neno. Sababu nyingine zipo, nitazieleza, lakini hiyo ndiyo ya kwanza, na ninapoiandika mkono unaikaza kalamu mpaka karatasi inatoboka.

Baba yangu ni mchonga vinyago. Tulihama kutoka Newala nikiwa mtoto wa kubebwa, na tangu hapo anachonga kwenye kibanda cha makuti kando ya nyumba yetu, yeye na wenzake wawili. Nilipomaliza darasa la saba nikaingia kibandani humo humo, nikawa napiga msasa na kujifunza kuchonga kwa tezo. Mwaka huo joto la mwezi wa pili lilikuwa baya. Mdogo wangu Somoe aliota harara shingo nzima, akawa analia akivishwa gauni. Mama alikuwa akimwaga maji sakafuni ili chumba kipoe, na maji yenyewe aliyafuata kwenye bomba la mbali, akirudi amelowa jasho kuliko sakafu.

Ndipo ikaja barua ya baba mdogo Hamisi. Huyu ni mdogo wake baba, anafanya kazi kwenye shamba la chai huko Mufindi. Kila alipokuja likizo alivaa koti zito, akaketi nalo barazani kwetu saa nane mchana, jasho likimtiririka masikioni, na hakulivua. "Nyie joto linawalevya," alikuwa akituambia. "Mtu analala mchana kama mgonjwa. Njooni kwenye baridi mwone kazi." Sasa barua ilisema karibu na shamba lao kuna kijiji cha ujamaa kinachopokea watu. Kinataka mafundi. Watu watapewa mashamba. Baridi mwaka mzima, mbu hakuna, harara hakuna. Baba alete tu mfano wa kazi yake, kamati ya kijiji iuone.

Jioni ile baba alituketisha wote mkekani. Mzee Chande, mwenzake wa kibandani, alikuwepo pia.

"Kila mtu aseme," baba akasema. "Tukakae kwenye joto siku zote, au kwenye baridi siku zote? Somoe?"

"Baridi," Somoe akajibu.

"Baridi unaijua wewe?"

"Ile ya barafu za mkokoteni."

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alisema, "Mie jasho limenichosha, Baba Issa. Baridi."

Wakanigeukia mimi. Nilitaka kusema kwamba mimi joto nalipenda. Nilitaka kusema kwamba magogo ya mpingo yanashushwa hapa, wanunuzi wako hapa, na mimi ndiyo kwanza mkono wangu umeanza kuizoea tezo. Badala yake nikatazama vidole vya miguu yangu.

"Kanyamaza, kakubali," Mzee Chande akasema. "Kama mwari anayeposwa!"

Wakacheka tena, na baba akasema basi, ni baridi. Nililala na hasira siku nyingi kwa neno lile la mwari. Ila hakuna aliyejua, maana sikusema hilo pia.

Baba alichukua gogo lililokuwa bado bichi, kwa haraka aliyokuwa nayo, akachonga kinyago cha watu waliobebana: watu kumi na saba katika mti mmoja, babu yetu chini kabisa na mtoto mchanga juu. Alikichonga zaidi ya miezi mitatu. Sijaona kazi yake nzuri kuliko ile. Na kwa kuwa alikuwa na kazi ya mnunuzi wa mjini ambayo hangeweza kuiacha, alinituma mimi.

Alikifunga mwenyewe. Tulikuwa na blanketi moja zito la sufu, ambalo Temeke halikuwa na kazi, hivyo miaka yote lilikuwa blanketi la vinyago. Akakizungushia hilo mara mbili, juu yake gunia, akashona.

"Sikiliza, Issa. Mti huu bado mbichi. Upepo mkavu usiupige, moto usiuone. Usifungue mpaka mbele ya kamati."

"Ndiyo, baba."

Balozi wetu wa nyumba kumi akaniandikia barua ya utambulisho, akiniuliza kwa kejeli kama nimeshanunua koti. Nilikuwa na mashati mawili.

Alfajiri moja ya mwezi wa sita nilipanda basi la mikoani. Mjini tulitoka gizagiza, na tulipopita Kimara jua lilikuwa limechomoza juu ya mihogo na michungwa. Nilikaa dirishani, kinyago kimesimama katikati ya magoti yangu kama abiria mwingine. Kulia kwangu alikaa mfanyabiashara wa vitambaa, mtu wa Kariakoo, mnene. Nyuma yangu alikaa mama mmoja wa Njombe aliyekuwa akirudi kwao na kapu la nazi.

Mpaka Chalinze mambo yalikuwa shwari. Kutoka hapo jua likapanda, na basi likawa kama tanuri.

"Kijana, fungua dirisha!" mama wa Njombe akasema. "Mnataka kutuchemsha?"

Nikafungua.

"Kijana, funga!" mwenye vitambaa akasema. "Vumbi lote hili naingia nalo kwa wateja?"

Nikafunga.

"We mtoto, huna masikio? Nimekwambia fungua!"

Nikafungua nusu. Wote wawili wakanikasirikia. Kutoka Morogoro mpaka Mikumi nilifungua na kufunga dirisha lile mpaka kiganja kikaota lengelenge. Tembo walionekana kando ya barabara, abiria wakasimama kuwatazama, na mimi nikawaona kwa jicho moja tu kwa sababu mwenye vitambaa alinilalia akichungulia. Kiti nililipia sawa na wao, na dirisha lilikuwa langu.

Alasiri tulipanda milima ya Kitonga. Basi lilinguruma kama linalia, bonde likawa chini yetu, na hewa ikabadilika ghafla. Nilihisi kama mtu amenimwagia maji shingoni. Mwenye vitambaa akajifunga kanga mbili za biashara yake. Mama wa Njombe akavuta pumzi ndefu akasema, "Sasa ndiyo hewa ya watu. Kijana, fungua."

"Ukifungua nakushusha!" mwenye vitambaa akasema.

Nililiacha lilivyokuwa, si kwa ushujaa ila kwa sababu vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

Nilifika Iringa jua likizama, nikalala kwenye nyumba ya wageni karibu na stendi, nimevaa mashati yangu yote mawili. Asubuhi nikapata gari la kwenda Mafinga, na kutoka Mafinga lori la shamba la chai likanichukua nyuma, juu ya magunia ya mbolea. Njia yote nilikikumbatia kinyago. Watu watadhani nilikuwa nakilinda. Kwa kweli nilikuwa nakifuata joto la blanketi.

Mchana nilifika kambi ya wafanyakazi. Nitasema kweli: panapendeza. Chai imelala juu ya vilima kama mkeka uliosukwa na mtu asiyekosea, na ukungu unapita juu yake polepole. Lakini nilikuwa natetemeka meno, na mtu anayetetemeka meno haoni uzuri kwa muda mrefu.

Baba mdogo alinipokea mlangoni na koti lake lile lile.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu! Umeiona baridi? Eh? Umeiona?" Alikuwa akicheka, lakini mikono aliyonishika nayo ilikuwa imevimba vifundo. Alinikumbatia muda mrefu kuliko ilivyo desturi yetu.

Chumba chake kilikuwa kimoja, chenye mafiga matatu katikati na moto wa mizizi ya chai. Kitanda kimoja. Juu ya kitanda kulikuwa na shuka, na juu ya shuka hakukuwa na kitu. Nilitazama kila pembe nikitafuta blanketi la mtu aliyekuwa akitutukana kwa joto miaka yote. Halikuwepo. Alikuwa analala na koti.

Jirani yake, Mama Vumilia, alituletea viazi vya kuchemsha. "Kamwene," akanisalimu, kisha akanitazama vizuri. "Hamisi, huyu ndiye fundi uliyemsema? Mbona anatetemeka kama kifaranga kilichotumbukia mtungini? Ota moto, mwanangu, ota moto!"

Nikaota moto. Kinyago nikakisimamisha ukutani, mbali nao kadiri chumba kilivyoruhusu, yaani hatua mbili.

Siku ya pili kamati haikukutana. Baba mdogo alinipeleka kuona kazi yake. Nilidhani anachuma chai vilimani, kwenye baridi aliyoisifu. Kumbe yuko kiwandani, kwenye tanuri la kukaushia majani. Ni mahali pa moto kuliko Temeke yote. Alikuwa amevua koti, kifua wazi, jasho linamtiririka, na kwa mara ya kwanza tangu nifike uso wake ulikuwa umetulia.

"Nafasi hii niliiomba miaka miwili," akaniambia kwa fahari. "Wengi wanaitaka."

Nilimtazama kwa hasira. Huyu ndiye aliyemwambia mama kwamba joto ni ugonjwa. Huyu ndiye aliyemfanya Somoe aote barafu. Akaomba miaka miwili apewe tanuri! Nikarudi chumbani peke yangu bila kuaga.

Siku ya tatu asubuhi ukungu ulikuwa umekaa mlangoni kama mtu anayetaka kuingia, na juu yake ulivuma upepo mkali. Baba mdogo alikuwa kazini. Mkutano ulikuwa alasiri. Nilichochea moto, nikakaa, nikasimama, nikapuliza vidole. Mgongo ulikuwa barafu na magoti yalikuwa yanaungua. Nikalitazama gunia. Nikajiambia, kidogo tu. Nikakata uzi wa baba kwa meno, nikakitoa kinyago, nikajifunga lile blanketi mpaka kichwani. Kinyago nikakiacha uchi pale pale, upande mmoja upepo wa mlangoni, upande mwingine moto.

Joto lile sitalisahau. Nilisinzia nimeketi.

Kilichoniamsha ni mlio. Ta! Kama mfupa. Nilidhani ni kuni. Kisha nikasikia tena, mlio mrefu zaidi, na nikaona mstari unashuka kwenye mti. Ulianzia begani kwa mtu wa juu, aliyembeba mtoto, ukashuka kwa mama zake na wajomba zake mpaka magotini kwa mtu wa nne kutoka chini. Nilikishika kwa mikono miwili kama ninayeweza kukizuia. Mti ulikuwa wa moto upande mmoja kama shavu la mgonjwa.

Mimi mtoto wa fundi. Mimi niliyekuwa nikiwafokea watoto wa jirani wasiache magogo juani. Nilijitukana kwa sauti, nikashangaa kusikia sauti yangu.

Alasiri tulikwenda kijijini, baba mdogo mbele, mimi nyuma na kinyago kwenye gunia. Sikumwambia. Kamati ilikuwa watu watano kwenye chumba cha darasa, na mwenyekiti alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye kofia ya sufu. Nilifungua gunia. Baba mdogo alipouona ufa akavuta pumzi kwa kelele, akaninong'oneza, "Umefanya nini?"

Mwenyekiti hakuutazama ufa. Alikizunguka kinyago mara mbili, akagonga kichwa cha babu kwa kidole.

"Mti mgumu," akasema. "Mzuri sana. Ndugu Hamisi ametueleza ninyi ni mafundi wa mbao. Sasa kijiji hakina shida ya sanamu, kijana. Shida yetu mipini. Mipini ya majembe, ya mashoka, na madawati ya watoto. Baba yako ataweza mipini mingapi kwa siku?"

"Mingi!" baba mdogo akadakia. "Kaka yangu ni fundi hasa. Mingi!"

"Namwuliza kijana," mwenyekiti akasema. "Yeye ndiye aliyetumwa. Baba yako anakuja, au haji? Tuandike."

Karani alikuwa ameshika kalamu. Wote wakanitazama, nami nikatazama vidole vya miguu yangu. Nilijua la kufanya: kunyamaza, baba mdogo ajibu, iandikwe, na kila mtu aseme Issa kakubali. Nikaona mikono ya baba imeshika mpini wa jembe, wa mia moja, wa mia mbili. Nikasikia Mzee Chande anacheka.

"Haji," nikasema.

"Hujasikika."

"Haji!" Sasa nilikuwa napiga kelele, mbele ya wazee, na sikuweza kuipunguza. "Baba yangu hachongi mipini! Baba mdogo aliwadanganya nyinyi, na sisi alitudanganya! Anasifu baridi, na yeye mwenyewe anakaa kwenye tanuri! Hana hata blanketi!"

Mwenyekiti akaivua kofia yake, akaivaa tena. "Basi," akasema kwa upole. "Mpini si aibu, kijana. Lakini umejibu. Andika haji."

Hilo la mpini lilinichoma, kwa sababu lilikuwa kweli.

Njiani kurudi kambini baba mdogo alitangulia mpaka tulipofika kwenye chai. Nilingoja anipige. Akasema bila kugeuka, "Miaka saba, Issa. Mie hapa nimekaa miaka saba. Ukiwa peke yako hupewi shamba, hupewi nyumba. Wanakuita mtu wa kuja. Nikasema wakija ndugu zangu…"

"Kwa nini hukuandika hivyo?" nikamwuliza.

"Ningeandikaje? Mie ndiye niliyeondoka nikisema nyie mnaoza kwenye joto."

Niliendelea kuwa na hasira naye, na sitasema uongo kwamba iliisha. Lakini asubuhi ya kuondoka, alipokwenda kuteka maji, nililitandika blanketi la vinyago juu ya kitanda chake, nikalichomeka pembe zote nne. Kinyago nikakifunga kwenye gunia tupu.

Wakati wa kurudi nilipata tena kiti cha dirishani. Tuliposhuka Kitonga joto likatupokea kama mlango wa jikoni, na nikafungua dirisha lote. Mzee mmoja mbele yangu akageuka kunitazama, nami nikamtazama. Akajifunga kitambaa chake kichwani, safari ikaendelea. Kumbe ni hivyo tu! Nilitamani kumpata yule wa vitambaa.

Nilifika Temeke siku ya pili, alasiri. Mashati yangu yalinata mgongoni kabla sijafika kona ya kwetu. Baba alikuwa kibandani, Mzee Chande yuko kando yake na tupa mkononi. Mama alitoka na Somoe. Nikawaamkia, nikaweka gunia chini, na baba akalifungua.

Ufa ulikuwa umepanuka njiani. Kidole cha Somoe kiliingia.

"Blanketi liko wapi?" baba akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo ninayoiogopa.

"Nilijifunika, baba. Kwenye baridi. Ndiyo kikapasuka."

"Nimekuuliza liko wapi."

"Nimemwachia baba mdogo."

"Kwani yeye hana?"

"Hana."

Baba akakaa kwenye gogo. Nikamweleza yote, mipini, tanuri, kelele nilizopiga mbele ya kamati, na neno nililolisema kwa niaba yake bila kutumwa. Nilipomaliza aliinuka na ghadhabu yote ikaja.

"Nani alikupa ruhusa ya kunijibia?"

"Na wewe nani alikupa ruhusa ya kunijibia mie?" nikasema. "Hukuniuliza!"

"Nilikuuliza! Mbele ya watu wote hapa nilikuuliza, ukanyamaza!"

"Baba Issa," mama akaanza, baba akamzuia kwa mkono.

Lilikuwa kweli. Nilikuwa nimebeba hasira mpaka Mufindi na kurudi, nikiwagawia watu wote, Mzee Chande, mwenye vitambaa, baba mdogo, na fungu kubwa lilikuwa langu mwenyewe.

"Haya," baba akasema, akihema. "Nakuuliza sasa. Joto au baridi?"

Mzee Chande alikuwa ameacha kupiga tupa. Jasho lilikuwa linaniingia machoni, na harara ya Somoe niliiona iko pale pale shingoni.

"Joto," nikasema. "Na Somoe tumtafutie dawa. Na barua ya kumwita baba mdogo nitaiandika mimi, arudi."

Baba akachukua kopo la nta, akakusanya unga mweusi wa mpingo kutoka chini ya gogo lake, akanisukumia vyote kwa mguu, bado amekasirika.

"Basi ziba ufa," akasema. "Umekipasua wewe. Anza juu, kwa mtoto."